Watoto Kumi na Wanne Nyuma ya Ukuta

Saa mbili asubuhi, Fien Dewaele amepiga magoti katika jiko lisilo na sakafu, ndani ya nyumba ya matofali huko Ledeberg, pembezoni mwa Ghent. Anagonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Anagonga, anasikiliza, anasogea upana wa kiganja, anagonga tena. Ameanzia chini kabisa kwenye kona, na hajafika hata nusu.

Mwenye nyumba, mzee mjane aitwaye Firmin, amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Anamuuliza kama kuna kitu kimempotea humo ndani.

"Natafuta pasipo na kitu," Fien anamjibu bila kugeuka.

Mzee anacheka, kisha anaona kwamba mwenzake hacheki.

Fien ana umri wa miaka ishirini na saba na ni msanifu majengo mwanagenzi. Nchini Ubelgiji, anayemaliza chuo cha usanifu hafungui ofisi yake siku ya pili. Ni lazima afanye kazi miaka miwili chini ya msanifu mzoefu, anayeitwa mlezi, ndipo aachiwe kusimama peke yake. Fien amebakiza wiki tano.

"Wenzangu wanahesabu siku kama wafungwa," anasema. "Mimi natamani zisogee polepole."

Mlezi wake ni Godelieve Maertens, mwanamke wa miaka sitini na sita ambaye ofisi yake ni sebule ya mbele ya nyumba anayoishi. Tangu aanze kupokea wanagenzi wamepita kumi na tisa mikononi mwake, na wote wanamsimulia kwa namna moja. Ukimpelekea mchoro anautazama, anaurudisha, anasema, "Kuna kosa humu. Litafute." Haonyeshi liko wapi. Fien anakumbuka mchoro mmoja wa ngazi uliorudishwa mara nne.

Fien alitoka Diksmuide, kwa baba fundi bomba, na ndiye wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Huko alisifiwa kwa mkono mzuri wa kuchora. "Chuoni hakuna aliyewahi kuniuliza kama nyumba yangu ingesimama," anasema. "Waliniuliza ina maana gani."

Swali la kusimama lilimfikia Machi ya mwaka jana, siku ya Alhamisi.

Ofisi ya Godelieve ilikuwa ikisimamia ukarabati wa nyumba mbili zilizoshikana, za wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya zamani. Upande wa kushoto ulikuwa kituo cha kulelea watoto wachanga, nacho kiliendelea kufanya kazi. Upande wa kulia ulibomolewa ndani ili baadaye uunganishwe na kituo. Kati yao ulikuwepo ukuta mmoja tu.

Jumatatu ya wiki hiyo mafundi walipandisha boriti ya chuma, ncha yake moja ikakaa juu ya nguzo ya matofali iliyojengwa ndani ya ukuta huo. Chini ya boriti walisimamisha nguzo sita za muda, hadi saruji ikauke. Jioni Fien aliona ufa mwembamba kama unywele kwenye ile nguzo ya matofali.

Alifanya alivyofundishwa. Alipaka kipande cha plasta nyeupe juu ya ufa, akaandika tarehe kwa penseli. Ukuta ukitulia, plasta hubaki nzima. Ukisogea, hupasuka. Jumanne ilikuwa nzima. Jumatano pia.

Alhamisi saa saba na nusu mchana aliikuta imekatika katikati, na upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Mafundi walikuwa wameshaondoa nguzo mbili za muda na walikuwa wanalegeza ya tatu.

Alimpigia Godelieve. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Hakujua mlezi wake alikuwa wapi, ila asubuhi alikuwa amesema tu kwamba angerudi kesho yake.

Msimamizi wa mafundi alikuwa Rik Baeyens, mtu aliyekaa kwenye ujenzi tangu ana miaka kumi na sita na sasa amefikisha hamsini na minane. Fien alimwomba asimamishe kazi. Rik aliitazama plasta kwa mbali, hata hakusogea.

"Imekauka vibaya, binti. Hizo zinapasuka zenyewe."

"Ilikauka Jumanne, Rik. Jana ilikuwa nzima."

"Bosi wako anasemaje?"

"Hapokei."

"Basi subiri apokee."

Fundi mmoja alicheka. Fien anasema kicheko hicho ndicho kilichokaribia kumrudisha nyuma kuliko maneno ya Rik. Aliwaza kwamba ni kweli, plasta aliichanganya mwenyewe, huenda aliikosea. Aliwaza kwamba kampuni ya Rik ingelalamika na mlezi wake angeaibika. Kisha akasikia mtoto anakohoa upande wa pili wa ukuta, karibu kabisa na sikio lake, na akakumbuka kwamba chumba cha upande huo ndicho cha kulala, na kwamba saa hiyo wote wamelala.

Akatoka nje, akaenda mlango wa jirani, akabonyeza kengele.

Mkuu wa kituo, Annelore Pattyn, alifungua huku ameweka kidole mdomoni kumwashiria asipige kelele. Fien alimwomba awatoe watoto.

"Wamelala," Annelore alisema.

"Najua."

"Ukuta unaanguka?"

"Sijui."

Neno hilo, anasema, ndilo zito kuliko yote aliyowahi kuyatamka kazini. Alitamani aseme ndiyo au hapana. Annelore aligeuka, akaanza kuwainua watoto mmoja mmoja wakiwa ndani ya mifuko yao ya kulalia.

Walikuwa kumi na wanne. Wafanyakazi watatu wa kituo na Fien waliwabeba wakavuka barabara kwenye mvua hadi karakana ya baiskeli, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa wazi. Fundi baiskeli alizima redio, akatandaza maturubai sakafuni. Mama mmoja aliyefika mapema kumchukua mwanawe alimkuta kati ya magurudumu na minyororo, akauliza kwa sauti ya juu nani ametoa amri hiyo ya kipuuzi. Fien alisema ni yeye. Yule mama alimuuliza ana miaka mingapi.

Aliporudi kwenye jengo aliwakuta mafundi wameacha kazi. Rik alikuwa ameegemeza kiganja kwenye ile nguzo ya matofali, kichwa kimeinama, kama mtu anayepima homa. Juu ya mkono wake vumbi jekundu lilikuwa linashuka, taratibu, bila kukatika.

"Rudisheni nguzo," Rik alisema kwa sauti ya chini. "Zote. Na nyingine tatu."

Kazi hiyo ilichukua dakika ishirini. Mikono ilipungua, ikabidi Fien ashike nguzo moja kwa chini wakati fundi anaikaza juu. Chembe za chokaa zilikuwa zinamwingia shingoni. Hakuthubutu kujikung'uta wala kuinua macho. Anasema alikuwa anasikia kitu kama mtu anayesaga meno ndani ya ukuta, na mpaka leo hajui kama kilikuwa ukuta au meno yake mwenyewe.

Walipomaliza alitoka, akaenda nyuma ya pipa kubwa la kifusi, ndipo akajikung'uta.

Mhandisi alikuja Ijumaa asubuhi. Alitoboa nguzo kwa mashine. Ncha ikaingia upana wa tofali moja, kisha ikateleza mbele ghafla, na kwenye tundu yakaanza kumwagika masizi meusi. Ndani kulikuwa na dohani ya zamani. Bomba lake la juu ya paa lilikatwa miaka mingi iliyopita, meko yakazibwa na kupigwa lipu, na waliojua wakafa au wakahama. Boriti nzima ilikuwa imekalia ganda.

Fien alimuuliza ingesimama hadi lini.

"Labda miaka kumi," mhandisi alisema. "Labda hadi saa nane jana. Usiniulize."

Kwenye mchoro nguzo hiyo ilionyeshwa kuwa imejaa matofali. Aliyeuchora ni Fien.

Alikuwa ameipima kwa nje, miezi mitano kabla, siku ya baridi, akiwa na haraka ya kuwahi treni. Hakugonga. "Nimejaribu kujitafutia sababu nyingine," anasema. "Hakuna. Niliona lipu safi, nikajaza mistari ya kuonyesha matofali."

Godelieve alifika mchana wa siku hiyo, jicho moja limefungwa bandeji. Ndipo ilipojulikana kwamba Alhamisi alikuwa hospitali akifanyiwa upasuaji, na kwamba macho yake yalikuwa yanafifia kwa karibu miaka miwili bila yeye kumwambia mtu. Aliomba ule mchoro. Aliupeleka dirishani, akausogeza hadi karatasi ikamgusa pua.

"Mstari huu niliusaini bila kuuona," alisema.

Fien alimwambia kosa ni lake. Godelieve alimwambia akae.

Kisha akamsimulia jambo ambalo wanagenzi kumi na wanane waliomtangulia hawakulisikia. Akiwa na miaka ishirini na mitano, naye mwanagenzi, aliona kutu ikitoka chini ya kibaraza cha ghorofa ya pili. Alimwonyesha msimamizi, msimamizi akacheka, naye akanyamaza. Baada ya wiki sita kibaraza kilianguka na mtu aliyekuwa anapaka rangi dirisha lake. Hakufa, lakini hakutembea tena. Miaka kumi na moja Godelieve alikuwa anamtembelea kila Desemba, akijitambulisha kama mtu wa kanisani.

"Alikuwa ananiandalia kahawa," alisema. "Ananiuliza kama naona baridi. Sikuwahi kumwambia, mpaka tukamzika."

Nilipokutana na Godelieve nyumbani kwake, hakukataa niliandike jambo hilo. Aliniomba tu nisiutaje mji. Alisema alipokea wanagenzi kwa sababu aliogopa, na kwamba alificha macho yake kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba hajui afanye nini na ukweli huo.

Jumatatu iliyofuata aliandikia chama cha wasanifu barua mbili, moja kuhusu nguzo na nyingine kuhusu macho yake. Tangu hapo hasaini kitu bila msanifu wa pili kukisoma. Mwisho wa mwaka huu anastaafu.

Fien hakuyaona hayo yakitokea. Alikuwa amerudi Diksmuide kwa baba yake na hakutaka tena kusikia habari za majengo. Kwa siku tisa alilala chumba cha utotoni, na kila alipofumba macho alisikia kikohozi kile. Baba yake hakumshauri chochote. Alimpikia, akamwacha.

Siku ya kumi Rik alimpigia simu.

Hakuomba radhi, wala Fien hakutarajia. Alimwambia dohani imejazwa, nguzo mpya ya zege imemwagwa, na mafundi wanataka kuifunika. "Sitaki kuiziba kabla hujaiona," alisema. "Njoo na nyundo yako."

Alikwenda. Aliigonga nguzo hiyo kutoka chini hadi juu, na Rik alimshikia ngazi.

Kituo kilifunguliwa tena baada ya wiki tano. Watoto wale sasa wengi wanatembea. Annelore aliwahi kumwalika sherehe ya uzinduzi, Fien akajibu kwamba ana kazi, jambo ambalo halikuwa kweli. Hadi leo hapiti mtaa ule baina ya saa saba na saa tisa mchana. Anazunguka na baiskeli hadi upande wa mtoni.

Anaogopa bado? Swali hilo linamfanya aweke nyundo chini.

"Zamani niliogopa kuonekana mjinga," anasema. "Hiyo imepungua. Sasa naogopa kuta."

Septemba jina lake litaingizwa kwenye orodha ya wasanifu wanaojitegemea. Atakuwa na mihuri yake, na kwa miaka kumi baada ya kila jengo, likitokea la kutokea, atakayeitwa ni yeye. Kazi yake ya kwanza itakuwa jiko hili la mzee Firmin, anayetaka dirisha kubwa ili aone bustani aliyoipanda mkewe. Kwa sasa linasimamiwa chini ya jina la Godelieve.

Lakini mpango anaouzungumzia kwa uchangamfu zaidi si ofisi. Mwanagenzi anayebaki peke yake kwenye jengo, mlezi hapatikani na mafundi wanamcheka, hana pa kukimbilia, na Fien anataka apapate. Kisheria hawezi kuwa mlezi wa mtu hadi atimize miaka kumi kazini. Kwa hiyo amefanya jambo dogo: mwezi uliopita alirudi chuoni kwake, akasimama mbele ya wanaomaliza mwaka huu, akawasimulia kosa lake tangu mwanzo hadi mwisho, akaandika namba yake ya simu ubaoni. Anatarajia ifikapo majira ya baridi wawe wasanifu watano au sita wanaopokezana zamu, ili anayepiga asikose mtu wa kupokea.

"Sitajua majibu yote," anasema. "Nitapokea tu. Anayeogopa peke yake hunyamaza."

Simu yake inaita kabla hajamaliza kahawa aliyopewa na mzee Firmin. Ni msichana aitwaye Jorien, ana wiki ya tatu kazini, yuko kwenye jengo huko Lokeren. Sauti yake inasikika hadi nje ya simu, ya juu na ya haraka. Fien anasimama. Maneno yake yanatoka moja moja, bila haraka.

Anauliza ufa uko wapi. Anauliza nani yuko upande wa pili.

"Watoe kwanza," anasema, huku tayari anavaa koti. "Kama tumekosea, tutakosea wote wawili. Nakuja."