Niliweka Dele Chini, Sasa Nalazimishwa Kuomba Radhi

Admin, nifichie jina, mji wetu wa Ibra, hapa Oman, ni mdogo. Nina miaka thelathini na moja, ni mwalimu, na mimi na mume wangu tunaishi kwa mavyaa, mama yake. Kila Jumamosi asubuhi majirani huja kunywa kahawa, na mimi mkamwana ndiye ninayemimina. Kazi yangu ni dele tu, birika la kahawa, kusema wanasema wakubwa.

Jumamosi iliyopita alikuja mama mmoja kumuulizia jirani yetu aliyeachika, nimwite Salma. Anamtaka kwa mwanawe. Basi mavyaa akayamwaga yote, mpaka mambo ya ndani ambayo Salma alimwambia yeye peke yake, huku analia. Wenzake wakaongeza chumvi.

Nikaweka dele chini. "Simimini tena mpaka maneno haya yaishe."

"Kwani nimesema uongo, mwanangu?" mavyaa akauliza. "Wallahi ni kweli tupu!"

"Hata kama ni kweli, mama." Nikawaambia nililosoma chuoni, kwamba Mayahudi wanafundisha kuwa kumsema mtu vibaya kumekatazwa hata ukisema kweli, na neno hilo linaua watatu: anayesema, anayesikiliza na anayesemwa. "Na mimi ninayewamiminia kahawa sitaki kuwa wa nne."

"Astaghfirullah! Mayahudi ndani ya nyumba yangu? Kwani sisi hatuna dini?"

"Tunayo, mama, na kusengenya tumekatazwa vilevile. Tumelisikia katazo hilo mpaka tumelizoea."

Yule mama aliyemuulizia Salma akaaga, na hajarudi tena.

Jioni mume wangu akanambia, "Niambie walisema nini, nikutetee." Nikakataa. Nikimwambia, si nami nitakuwa nimemsema Salma? Akapandisha hasira: "Basi Jumamosi ukaombe radhi mbele yao. Hutaki, rudi kwenu Sur."

Kuwakatia wageni kahawa nitaomba radhi, hiyo ni adabu. Lakini kwa nililosema siombi, hata begi langu likiwekwa mlangoni. Nampenda mume wangu, na roho inaniuma sana, lakini siombi.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nikatamke radhi isiyotoka moyoni ninusuru ndoa, au nifunge begi? Nishaurini mnavyotaka, hata mkinitukana nitasoma. Ila msiniulize kwenye komenti Salma alisemwa nini. Mume wangu sikumwambia, sembuse nyinyi.