Nilimweka mkwe kwenye stuli nikamhoji mama mkwe habari za haja ndogo: nusura nifeli practical

Wakuu, salaam zenu, mlio zamu na mlio likizo.

Mimi ni mtu wa chumvi, sifichi. Nikivua kambare mmoja, akifika nyumbani ameshakuwa watatu na mmoja wao alitaka kuning'ata. Lakini haya ya leo yamenikuta mwenyewe, na kwenye habari za mgonjwa sijaongeza hata punje. Majina tu ndiyo nimebadili, maana miiko ya kazi inataka hivyo, na mkufunzi wetu nahisi naye huwa anapita humu kimyakimya.

Kwanza mnijue.

Ni mwenyeji wa Mahege, Kibiti. Shule niliacha nikiwa na ndevu tatu, nikawa fundi baiskeli. Nimeshavuka thelathini, nina mke na watoto wawili, ndipo nikarudi darasani kwa masomo ya jioni. Mchana naziba pancha, jioni nasoma biolojia mikono inanuka gundi.

Biolojia nilipata B, wakuu. Hiyo B niliitembeza kijiji kizima kama mwenge.

Ndiyo nikaingia chuo cha uuguzi. Haya yalitokea nikiwa mwaka wa pili, tumepelekwa mazoezi kwenye kituo kimoja cha afya huku huku wilayani.

Sasa practical yenyewe iko hivi. Unapewa mgonjwa mmoja. Unachukua historia yake yote: kilichomleta, kilianza lini, magonjwa ya nyuma, ya ukoo, anakula nini, analala vipi. Kisha unampima kichwa mpaka kidole cha mguu: unatazama, unapapasa, unagonga, unasikiliza. Mkufunzi amekaa pembeni na kalamu, hasemi kitu.

Ukifeli, unarudia muhula mzima.

Kwa vijana wa miaka ishirini kurudia ni kurudia tu. Mimi mke wangu alishanitamkia: "Baba Zuhura, muhula mmoja zaidi, nakwenda kuolewa na cherehani yangu." Kwa hiyo siku hiyo niliamka na koti limepigwa pasi mpaka nzi akitua anateleza.

Nikapangiwa Bi Mwajuma. Mama wa miaka sitini hivi, ametoka visiwani huko delta, kaja kwa boti mpaka Nyamisati, akapanda gari, akalala kwa ndugu zake Kibiti, asubuhi ndiyo kaletwa. Anasema ana homa na uchovu, basi.

Aliyemleta ni Shabani, mume wa binti yake. Binti mwenyewe ana kichanga cha wiki mbili, hawezi safari.

Nilipoingia nikamkuta Shabani kasimama dirishani, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, mgongo kautupa kwetu. Nikasema moyoni, huyu jamaa ana kiburi, yaani kamleta mgonjwa halafu ananuna.

Na darasani tulifundishwa kwamba msindikizaji anaweza kusaidia kutoa historia. Mimi nikaona hapa ndipo pa kuokota maksi. Nikavuta stuli, nikaiweka kando ya kitanda, karibu kabisa na mama, nikamwambia Shabani, "Karibu bwana, kaa hapa utusaidie."

Shabani akaitazama ile stuli kama nimemkaribisha kwenye jiko la mkaa. Akakaa tako moja.

Bi Mwajuma akavuta kanga, akajifunika mpaka puani.

Sasa basi, ili Madam, mkufunzi wetu, asikie vizuri kule pembeni, nikapandisha sauti. Wakuu, nilihoji kwa sauti ya mnada.

"MAMA, HAJA NDOGO UNAKWENDA MARA NGAPI KWA SIKU?"

"Kama watu."

"USIKU JE, UNAAMKA?"

"Siamki mie."

"KIU?"

"Hamna."

"KUNA KIDONDA AU JIPU SEHEMU YOYOTE YA MWILI?"

"Mwili wote salama, baba. Andika salama."

Nikamgeukia Shabani, nikamuuliza yeye anaonaje. Shabani alikuwa anahesabu mapangaboi ya dari, na feni yenyewe ni moja. Akasema, "Kama alivyosema mwenyewe."

Nikaandika. Fomu yangu ilikuwa safi wallahi, mwandiko wa kuchonga, kila kisanduku "hakuna, hakuna, hakuna". Nilijiona nimeshahitimu.

Nikavuta pazia, Shabani akabaki upande wa pili, nikaanza kupima.

Hapo ndipo mambo yalipokataa.

Joto thelathini na nane nukta nne. Mapigo ya moyo mia na kumi na mbili kwa dakika. Midomo imekauka inapasuka. Ngozi ya mkono nikiifinya inachelewa kurudi. Na katika kumpima tu huko kifua na tumbo, huyu mama asiye na kiu alimaliza chupa nzima ya maji na akauliza kama kuna nyingine. Halafu amekaa upande mmoja, uzito wote kaulalia kushoto, kama mtu aliyekalia mwiba.

Kipimo cha malaria kikarudi: hana.

Nikasema, "Mama, sasa naomba niangalie miguu na mapaja."

Akaibana kanga kwa mikono miwili. "Huko hakuumwi mwanangu. Ishia hapo hapo."

Wakuu, nitawaambia ukweli maana niliuahidi. Kalamu ilishafika kwenye kisanduku cha miguu na mkono ulishaanza kuandika "kawaida". Nani angejua? Mgonjwa mwenyewe kasema salama. Msindikizaji kakubali. Muhula ungepita.

Nikaandika "ka", nikasimama. Mama anaungua mbele yangu, mimi naandika mzima.

Nikaikata ile "ka". Nikamgeukia Madam nikamwambia, sijaona miguu, na historia niliyoandika haifanani na mgonjwa niliyempima.

Madam alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi. Akasema, "Basi kimoja kati ya hivyo viwili umekosea kukichukua. Una dakika kumi."

Dakika kumi! Jasho lililonitoka hapo lingemwagilia bonde zima la mpunga la Ruaruke.

Nikamfuata Shabani, alishatoka zamani yuko kibarazani anapumua kama kafunguliwa kamba. Nikamuuliza kwa upole, bwana, mbona mgonjwa wako hasemi?

Akanitazama. "Dokta, samahani. Wewe mtu wa wapi?"

"Mahege."

"Mahege gani hiyo isiyokuwa na wakwe?"

Nilitamani ardhi ipasuke niingie na koti langu la pasi.

Kwa wasiotoka kwetu: mkwe na mama mkwe huku hawakai stuli na kitanda. Hata njiani wakikutana mmoja anapisha. Mimi mwenyewe mama yake mke wangu nikimwona anakuja naingia hata kwenye shamba la mtu. Miaka yote hiyo sijawahi kula naye sahani moja. Halafu leo kwa kuwa nimevaa nyeupe, nimemkalisha mwanaume pembeni ya mama mkwe wake na kumtangazia mkojo!

Chuoni walinifundisha faragha, nikavuta pazia. Pazia linazuia macho tu. Masikio yanapita.

Shabani akasogea karibu. "Nitakwambia ninaloweza. Kwenye boti nilisimamisha mara nne, nikawaambia tumbo linanisumbua, nataka kushuka. Kwenye gari tena mara mbili. Kondakta kanitukana, kaniita bomba bovu."

"Kwa hiyo na wewe unaumwa?"

Akatikisa kichwa. "Mimi sina tumbo wala nini. Ila nikishuka mimi, na mwingine mwenye haya anapata nafasi ya kushuka. Zaidi ya hapo usiniulize."

Sikumuuliza. Nikamwomba aende akae kule getini, mbali, tutamwita.

Nikamchukua mwanafunzi mwenzangu Rehema, tukarudi. Safari hii nikakaa chini, kichwa changu chini ya kichwa cha mama, sauti ya msikitini. Nikamwomba radhi kwanza. Nikamwambia mkwe wako yuko getini, hasikii kitu, nilikosea na mimi ni mtoto wa huku huku, nisamehe.

Bi Mwajuma akashusha kanga puani.

"Haya. Sasa ndiyo umeuliza."

Ikatoka kama maji ya bamvua. Kukojoa ni usiku kucha, miezi miwili sasa. Kiu haiishi. Nguo zote zimempwaya, majirani wanasema anawaza sana. Na jipu, wiki ya pili, paja la kulia kwa juu, amelikanda kwa majani mpaka limechoka kukandwa.

"Na yule mkwe wangu," akaongeza, "ati tumbo. Mwanaume mzima anashuka kila kijito, akishashuka anasimama anatazama mikoko tu. Namwona! Usije ukamwambia nimejua. Ataona haya, hatonileta tena."

Rehema alicheka mpaka akashika kitanda.

Paja akakubali liangaliwe, kwa sharti: "Binti huyu atazame. Weye kaa nyuma ya pazia uandike." Nikamtazama Madam. Akaitikia kwa kichwa.

Basi nikafanya mtihani nyuma ya pazia. Mimi nauliza, Rehema anapapasa na kujibu. Ukubwa? Yai la kuku. Joto? Linachoma. Kwa ndani laini au gumu? Katikati linabonyea. Wekundu umefika wapi? Vidole vitatu kuzunguka. Vidole vya mguu vina hisia? Anasikia, ila nyayo anasema ganzi.

Nikaomba kipimo cha sukari. Tone moja la damu, mashine ikaandika ishirini na mbili nukta moja.

Ya mtu asiye na kisukari haifiki hata kumi na moja.

Daktari akaitwa, Bi Mwajuma akalazwa siku ile ile. Maji ya mshipa, insulini, jipu likapasuliwa na kusafishwa, dawa. Daktari alisema mama angerudi kisiwani na panadol, lile paja na ile sukari visingemsubiri mwezi uishe.

Alikaa wodini siku tano. Siku ya tatu alikuwa ananituma chai bila sukari na kunisuta kwamba nanyoa ndevu vibaya.

Maksi zangu? Madam alinikata karibu zote za mawasiliano. Akanipa zote za kueleza nilichokiona na nisichokiona. Jumla nikavuka mstari, lakini nilivuka kwa kutambaa. Akanionyesha ile "ka" iliyokatwa kwenye fomu, akasema, "Ungeimalizia hii, ungerudia muhula." Akaondoka zake.

Mke wangu bado ninaye. Cherehani pia.

Nilichojifunza, na wadogo zangu mnaosoma uuguzi mkishike: kabla hujauliza swali la kwanza, tazama nani yumo chumbani na ni nani kwa nani. Mtu akisema "hamna" mbele ya mkwe, hujapata jibu bado. Na usichokiona usikiandike, hata kama aliyekwambia ni mgonjwa mwenyewe. Andika "sijaona". Haiui mtu.

Sasa nawageukia manesi na matabibu mlioko pwani: nyie mkwe mnamtoaje chumbani bila kumvunjia heshima? Mimi siku hizi namtuma akalete kadi, hata kama kadi iko mfukoni mwangu. Mwenye njia nzuri kuliko hiyo aimwage hapa, na mwenye kunicheka acheke, nafasi ipo.