Kamera Niliyoichagua kwa Kusuka

Ukiniambia sijui kupika, sikasiriki. Nitakuuliza tu kama umeshiba. Lakini ukiniambia sijui kuongea, hapo umenitafuta ubaya.

Aliyeniambia hivyo alikuwa madam mmoja kutoka Lavington. Alikuja hadi kibandani kwangu Kenyatta Market, akakaa kwenye benchi la wateja, mkoba wake mapajani asiuweke chini. Alikuwa anaanzisha shule ya urembo ya mtandaoni, ili msichana aliye Kitui au Kitale ajifunze kusuka kwa simu bila kupanda gari kuja Nairobi. Alikuwa ameona video fupi nilizokuwa nikirekodi kwa simu yangu, akanitafuta. Alitaka masomo kumi na mawili ya kusuka matuta. Nilifurahi, mpaka akaendelea.

“Ninachotaka ni mikono yako,” akasema. “Sauti tutaweka ya mtu mwingine, kuna msichana amesomea utangazaji. Wewe unajua kazi, lakini unaongea lugha ya sokoni.”

Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, na nadhani nilimvuta kidogo, kwa sababu alisema wui. Nimefundisha wasichana kwenye kibanda hicho miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kwa kutazama mikono peke yake. Mikono inaenda haraka. Mdomo ndio unaomwambia mtu vidole vinafanya nini. Ati sasa mikono ibaki ya kwangu na mdomo utolewe, kama kwamba nimekufa.

“Madam,” nikamwambia, “nipe wiki mbili. Nitakuletea somo moja, nimelirekodi mwenyewe na nimeongea mwenyewe. Usipolipenda, chukua mikono, uweke sauti ya yeyote unayemtaka.”

Akakubali. Nafikiri alikubali ili aondoke kwa amani.

Alipopotea kwenye kona ya wachoma nyama ndipo nikakumbuka sina kamera. Nilikuwa na simu tu, na simu hiyo ilikuwa ikipata joto inajizima, au mama yangu anapiga katikati ya tuta la tatu kuuliza kama nimekula. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua mashine ya pili ya kukausha nywele. Akiba hiyo ingetosha kamera moja, na nikikosea hiyo moja basi sina mashine, sina kamera, na sauti yangu imekwenda.

Kila mtu sokoni alikuwa na ushauri. Jirani yangu wa kibanda, Mkamba wa Machakos anayecheka kwa sauti inayofika barabarani, alisema nichukue ile kubwa ya lenzi ya kubadilisha, ile ya watu wa harusi. “Ukiibeba hiyo shingoni, hakuna mtu atakuuliza kama unajua kazi,” akasema.

Nikamwambia madam haninunui shingo. Lakini nikamwomba twende naye mjini, na afumue nywele kabla hatujatoka.

“Zifumuliwe za nini?”

“Utakuwa kichwa.”

Tulienda Jumanne, siku ambayo soko huwa baridi. Nilibeba kitana changu cha mkia, chupa ya mafuta, na laptopu yangu kuukuu, kwa sababu kamera ambayo laptopu yako inaikataa ni pambo la ukutani. Tukapanda ngazi hadi orofa ya pili ya jengo moja katikati ya mji, ambako maduka madogo ya kamera yamebanana ubavu kwa ubavu. Muuzaji wa duka tuliloingia alikuwa mwanamume wa shati lililopigwa pasi vizuri sana. Hakuniuliza nataka kurekodi nini. Aliteremsha ile ya harusi moja kwa moja.

“Mathe, hii ndio mashine. Mtu anatoka safi, nyuma yote inapotea. Ni sinema kabisa.”

“Sitaki kitu kipotee,” nikasema. “Hebu niwekee hii hapa, na ile ndogo, na ile ya kijivu kule chini.”

Ile ndogo ilikuwa ya bei rahisi, imebandikwa karatasi za kung'aa zikisifu picha yake. Ile ya kijivu ilikuwa kamera ya video ya kushika kwa mkono mmoja, wenyewe wanaiita kamkoda, na ilikuwa na vumbi. Aliifuta kwa shingo upande. “Hizo ni za kanisa, mathe. Siku hizi hakuna mtu anauliza hiyo.”

“Mimi nimeuliza.”

Nikavuta kigoda chake mwenyewe, nikamketisha jirani yangu, nikaomba kamera zote tatu ziwashwe pamoja, nikaanza kusuka. Haki ya Mungu, yule mtu hakuamini macho yake.

“Sasa mathe, hii ni duka ama ni saluni?”

“Ukiniuzia ni duka. Usiponiuzia ni saluni.”

Jirani yangu alicheka hadi nikamrudisha kichwa kwa nguvu. Watu wakaanza kusimama mlangoni. Nikasuka bila haraka, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, tuta baada ya tuta, kama ninavyosuka siku zote. Baadaye tukatazama.

Ile ndogo ilitolewa kwanza. Nywele zetu ni nyeusi na duka lilikuwa na taa moja, nayo iliona masizi matupu, hakuna mstari, hakuna ngozi. Ukiivuta picha karibu inavunjika kuwa vipande vya mraba. Na haikuwa na tundu la maiki. Nikaisogeza kando pamoja na karatasi zake.

Ile ya harusi ilikuwa na picha tamu, siwezi kuisingizia. Vidole vyangu vilionekana hadi mikunjo. Lakini ncha ya kitana ilikuwa imeshaingia ukunguni, na nilipoteremka kuelekea sikioni ikaanza kutafuta iangalie wapi, inaona, haioni. Mwanafunzi anataka kuona kidole, ncha ya kitana na ngozi ya kichwa, vyote vitatu kwa wakati mmoja. Tena baada ya kama nusu saa ilikuwa imeacha kurekodi yenyewe, kimya kimya, bila kuaga mtu.

“Hiyo ni kawaida,” muuzaji akasema. “Unabonyeza tena.”

“Nibonyeze na nini? Mikono yote miwili iko ndani ya nywele.”

Jirani yangu alimjibia: “Na pua.”

Ile ya kijivu ilikuwa bado inarekodi. Ilikuwa imechomekwa ukutani, haijapata joto. Iliona mstari wa ngozi kati ya matuta mawili, iliona kitana, iliona vidole, na ikivuta karibu haivunjiki. Kioo chake kidogo kiligeuka kikaniangalia, kwa hiyo niliweza kujiona huku nikisuka. Ilikuwa na tundu la maiki na tundu la visikizio. Nikahamisha picha zake kwenye laptopu, zikafunguka, nikakata kipande na kuunganisha kingine pale pale juu ya kaunta. Muuzaji akajaribu mara ya mwisho, akaniletea picha za kamera nyingine mpya zilizo kubwa mara nne. Laptopu ikakwama, ikashika tama. Nikamwambia mwanafunzi wangu anatazama kwa simu, kwa bando la siku moja, ukubwa wote huo ataupeleka wapi?

Akaniuzia ile ya kanisa. Na mama mmoja kati ya waliosimama mlangoni akaniuliza kibanda changu kiko upande gani wa soko. Nilishuka zile ngazi kifua mbele.

Sasa ngoja nikwambie ujinga wangu. Kwetu Kenyatta Market kichwa hakisukwi na mtu mmoja. Mteja akikaa, msusi asiye na kazi huvuta kigoda na kushika upande mwingine, haombi ruhusa na hupewi nafasi ya kukataa. Ndiyo maana mteja wetu hutoka mapema. Siku ya kurekodi nikaweka kamera kwenye stendi, maiki kwenye kola ili kelele za mapanga ya wachoma nyama zisiingie sana, na mteja wangu wa siku nyingi akakubali kusukwa bure. Nikasuka upande wa kulia huku nikieleza, maneno yakanikolea, nikajisahau kabisa. Nilipofika kisogoni nikahamia upande wa kushoto, nikaukuta umekwisha.

Niliirudisha video nyuma. Kwenye tuta la tatu inaingia mikono miwili yenye bangili. Kwenye tuta la tano inaingia mingine miwili. Ati somo la msichana anayejifunza peke yake chumbani, na mwalimu ana mikono sita.

“Si tuliona unachelewa,” jirani yangu akasema, kwa upole kabisa.

Nilitaka kulia. Mteja alifumuliwa na kupewa soda, na mimi nilikuwa nimebakiza siku tatu. Kesho yake niliwaita wasusi wa safu nzima, nikawaambia wazi kwamba nikishindwa hii, mdomo wangu unakatwa kwenye kazi yangu mwenyewe. Wakanielewa, nikarekodi upya. Jirani yangu alikalia mikono yake, kweli aliikalia, kwa muda wote wa saa mbili na zaidi, na nilimwona vidole vikimwasha. Kamera haikusita hata mara moja.

Nikahariri Jumamosi nyumbani Kinoo, kwenye meza ya jikoni. Kadi ya kamera ilikuwa imegawa video vipande vipande na nilitoka jasho nikidhani imeharibika, hadi nikaelewa kwamba vinaungwa tu kwa mpangilio. Nilitoa pale nilipokunywa maji na pale mteja alipopokea simu. Sauti yangu sikuigusa.

Jumatatu askari wa getini Lavington aliniuliza mara mbili nimekuja kwa nani. Madam akanikaribisha sebuleni, akaliweka somo kwenye televisheni kubwa. Alitazama kama dakika tano.

“Picha ni safi, sikutegemea,” akasema. “Lakini sauti, pole, hapana. Unasikia? ‘Usimvute, huyo ni binadamu, si gunia la viazi.’ Hiyo si lugha ya shule.”

Nilianza kuinuka kwenye kiti.

Mama anayemsaidia kazi za nyumba alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, macho kwenye televisheni.

“Auntie, chai,” madam akasema.

“Ngojeni kidogo, madam. Anaonyesha pale pa kuanzia.” Kisha akasema, kama anajiambia mwenyewe, “Hii mimi naweza.”

“Wewe hujui kusuka.”

“Sijui. Lakini huyu si ananiambia.”

Madam akamtazama, akanitazama mimi. Nadhani alitaka tu auntie ajaribu, ashindwe, jambo liishe. Akavua wigi, akaliweka kwenye kochi, akaketi zuliani, mgongo kwa televisheni, kichwa ameinamisha. Auntie akaenda kuleta kitana, akaanzisha somo upya.

Kutoka pale chini madam hakuweza kuona picha. Aliweza kunisikia tu. Sauti yangu ikasema gawa hapa, auntie akagawa. Ikasema shika kidogo, chukua nyingine kutoka chini, usikimbie. Auntie alisimamisha, akarudisha, akajaribu tena. Ilipofika pale pa gunia la viazi nilimwona madam akilegeza mabega.

“Amepunguza kuvuta,” akasema polepole. “Hapo hapo, alipoambiwa.”

Tuta la kwanza likafika kisogoni. Lilipinda kidogo karibu na sikio, lakini lilikuwa tuta, lililosukwa na mtu ambaye asubuhi hiyo hakujua kusuka. Madam akalipapasa kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho.

“Masomo yote kumi na mawili,” akasema, bado ameinama. “Na uongee wewe.”

Sitajifanya mnyenyekevu. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi ulikuwa mtamu hadi masikioni. Nilianza kumshukuru, lakini auntie aliniinulia mkono ninyamaze, kwa sababu kwenye televisheni nilikuwa bado naeleza tuta la pili.

“Madam, geuza kichwa,” akasema. “Mwalimu amesema twende kushoto.”

Madam akageuza kichwa, na mimi nikajimiminia chai.