Kicheko cha Kimaay

Wivu wa Rukia haukuwa wa harufu ya manukato begani wala wa kanga ngeni kwenye kamba ya nguo. Ulikuwa wivu wa kicheko.

Mumewe, Rajabu, fundi wa pampu za kunyunyizia dawa pale Soni mlimani, alikuwa na vicheko viwili. Cha nyumbani kilikuwa kifupi, cha mtu anayewahi kazini. Cha simuni kilikuwa kirefu, kikianzia tumboni na kumwacha akifuta macho. Hicho cha pili Rukia hakuwahi kupewa hata robo, na miaka kumi na miwili ya ndoa ilikuwa imeshapita. Aliyepewa, kila Ijumaa baada ya swala, alikuwa Mwajuma wa Chogo.

Rajabu ni Mzigua, ila Mzigua aliyezaliwa mbali, kando ya mto Juba kule Somalia, ambako mababu zake walipelekwa utumwani zamani. Vita ilipowafikia alikuwa na miaka kumi na mmoja. Familia ikakimbilia Tanga, na baadaye ikapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Kizigua chake na Kishambaa cha Rukia ni ndugu. Hata siku ya posa hawakuhitaji mkalimani. Lakini mama yake Rajabu alimlea kwa Kimaay, Kisomali cha wakulima wa kusini, na mama huyo alishafariki. Wa kukizungumza naye akabaki Mwajuma wa Chogo, binti wa jirani, ambaye watu wote walidhani ndiye Rajabu angemwoa.

"Mnacheka nini?" Rukia humuuliza.

"Aa, Mama Hadija, maneno yenyewe ukiyatafsiri yanapoa."

Yanapoa! Kama chai. Siku hiyo viazi humenywa mpaka vinabaki kama gololi.

Mwaka huu Rukia akaamua kujifunza Kisomali. Karibu na meza yake ya karoti na pilipili hoho sokoni kulikuwa na duka la vitambaa, na mwenye duka alikuwa mama wa Kisomali, mzaliwa wa Hargeisa, kaskazini kabisa. Kila siku ya gulio, mzigo ukishakwisha, Rukia alikwenda kukaa naye kati ya majora.

"Kaza koo, mwanangu!" mama yule alimwambia. "Hilo neno litoke ndani. Usilitoe kama mgonjwa."

Rukia alisoma madrasa. Sauti za kooni, ain na ha nzito, hazikumpa taabu. Baada ya miezi mitatu mwalimu wake alifumba macho, akasikiliza, akasema, "Wallahi, ningedhani ni mtoto wa kwetu."

Kesho yake asubuhi Rukia alishika jagi, akamsogelea mumewe mezani, na kwa koo lililokazwa barabara akamuuliza kwa Kisomali kama anataka maziwa.

Rajabu aliweka kikombe chini. Hakucheka.

"Nani kakufundisha?"

"Kwani lugha ina mwenyewe?"

"Rukia. Nakuuliza, nani?"

Moyo wa Rukia uliruka kwa furaha mbaya. Kumbe leo wivu umehamia upande wa pili! Akataka kuuacha huko kidogo, uive. Lakini alipomtazama vizuri aliona vidole vya mumewe vimeng'ang'ania ukingo wa meza.

"Mama wa vitambaa," alisema haraka. "Yule wa dukani."

Rajabu aliiachia meza. "Kimaay hakina hiyo sauti ya kooni," alisema. "Shuleni walitucheka kwa kuikosa. Halafu walikuja wenye bunduki shambani kwetu. Walimwambia mama alete maziwa. Waliongea hivyo hivyo." Akajipangusa uso. "Mama wa vitambaa hana kosa, na Hargeisa haina kosa. Ni masikio yangu tu."

Rukia aliona haya, akalirudisha jagi jikoni. Lakini hata ndani ya haya ile, wivu ulipata pa kukaa. Mwajuma asingekosea hivi. Mwajuma alijua pa kugusa na pa kupita mbali. Akinyamaza sasa, atakuwa amemwachia mwanamke yule nusu ya mume maisha yote.

Ijumaa ilipofika alikaa karibu na Rajabu. "Mpigie."

"Nani?"

"Huyo wako. Anifundishe yeye."

Rajabu alimtazama, akabonyeza namba, akamweleza Mwajuma ombi la mkewe, akampa Rukia simu.

"Ehee!" sauti ya Chogo ilipokea habari. "Msambaa wa mlimani! Mume umechukua, sasa unataka na maneno?"

"Nimechukua nusu, dada. Nusu umeikalia wewe."

Rukia akasikia kuku wa Chogo wakilia, na pumzi ya mwanamke mwenzake.

"Una mdomo wewe," Mwajuma alisema, taratibu. "Haya. Legeza koo. Lugha yetu haikabwi."

Wakaanza na salamu. Rukia alirudia mara nne, mara tano, akisahihishwa bila huruma, na kila alipopatia alijisikia vibaya kwamba sifa inatoka kwa huyu. Vocha ilipokaribia kuisha alimtajia namba ya simu yake mwenyewe, akauliza, "Namba yangu umeishika?"

"Nimeishika."

"Basi Ijumaa unipigie mimi. Siyo huyu."

Rajabu, aliyekuwa kando akisikiliza, akainua kichwa. "Na mimi je?"

"Wewe unakijua tayari, mgoshi wangu," Rukia alimjibu. "Katengeneze pampu za watu."