Tui Lililochacha

Mdogo wangu wa kike, mtu mzima na akili zake, aliniwekea mezani kwake Ambondrona bakuli la tui lililochacha, akaliita mtindi. Kumbe hoteli ya jirani ilikuwa ikilinunua kwa wageni wasiogusa maziwa ya ng'ombe. "Lina vijidudu hai, dada, vinafaa tumbo," akaniambia kwa Kikomoro chetu cha nyumbani. Nikamjibu kwamba tumbo langu halijaomba wapangaji.

Nilionja kwa sababu nilikuwa nimetoka Mahajanga hadi Ankify nikirushwarushwa garini kama gunia, kisha boti hadi kisiwani kwake, na njaa haina adabu. Lilikuwa laini, ulaini wa kivivu, linateleza bila kushika ulimi. Mbele nazi, katikati mafuta, na mwisho kaukali kakauma pembeni mwa taya. Mtindi gani haukatiki kwa kijiko? Nikautemea mkononi mbele yake.

Mtindi naujua mimi. Mwishoni mwa miaka ya sabini, nyumbani Tsaramandroso, mama aligandisha maziwa kila jioni kwa kijiko cha mtindi wa jana, na wa jana ulitokana na wa juzi, hivyo hivyo hadi kwa bibi yake. Ulikatika vipande vipande, ukauma taya. Alipofariki, chungu kiliachwa kwangu, mimi mkubwa. Siku za matanga sikukumbuka kuweka kijiko kando. Wageni wakaula wote, nami nikaosha chungu. Tangu hapo nimeonja kila mtindi wa sokoni nikiutafuta ule, na kila mmoja nimeutukana. Aibu hiyo sikumwambia mtu.

Kesho yake mdogo wangu alipopeleka mtindi wake hotelini, nikaamua kumsafishia jiko. Nyuma ya mtungi wa maji nikakuta chupa ndogo iliyofunikwa kitambaa, ndani tui chachu lililojitenga na maji yake. Kwetu tui la jana halilali jikoni. Mwanamke anayeliacha husemwa mtaa mzima. Nikalimwaga, nikasugua chupa kwa sabuni na majivu, nikaianika juani. Nikajisifu kabisa.

Aliporudi akaiona inang'aa. Akakaa kwenye kizingiti.

"Dada, ile ilikuwa mbegu yangu."

"Chachusha nyingine. Nazi si zimejaa uani?"

"Ni ya mama. Siku za matanga nilichota kijiko kabla hujaosha chungu. Maziwa ya huku yalinishinda, nikakilea kwa tui miaka yote hii."

Nikauliza tui la bakuli la jana liko wapi. Akasema nilipolitema aliwapa kuku. Nikavaa viatu, nikaenda hotelini mwenyewe, mimi niliyeutema, kuomba hata kijiko kimoja. Mpishi akanionyesha bakuli tupu, akasema kwa fahari kwamba wageni wamelimaliza.