Pombe ya Babu Yake

Waliomuua mume wangu ni wawili, na wote wako hai: mama yake mzazi na kaka yake mkubwa. Gongo ya machimboni huko Geita ilimharibu tu. Kummaliza walimmaliza wao.

Alirudi kwangu Ngokolo macho ya njano, tumbo limejaa kama la mjamzito. Daktari akamwambia mimi nikiwa pale pale, "Ini limekwisha. Ukionja tena, unakufa." Nikamfungia ndani. Alinitukana, akanitapikia, akaning'ata mkono, akalia nimpe hata kifuniko kimoja cha gongo. Sikumpa. Taratibu akaanza kula ugali, akaanza hata kunitania ninavyokoroma. Nikasema huyu nimempata.

Ndipo kaka yake akaja kumchukua, eti mama yao anaumwa. Nikafuatana nao mpaka kijijini kwao Samuye. Mama haumwi chochote! Alikuwa ametoka kwa mganga, kaambiwa mwanawe analewa kwa sababu babu aliyemwachia jina ana kiu. Babu akitambikiwa, mjukuu ataacha. Pombe ya mtama ilikuwa imeshaiva kwenye mitungi.

"Shikamoo mama. Daktari amekataza."

"Daktari anamjua babu yake?"

"Basi babu amwagiwe yote chini. Huyu asinywe."

Kaka yake akacheka. "Mwenye jina asipoonja, babu atapokeaje? Hii ni dawa, shemeji. Au umezoea kumfungia kama mbuzi wako?"

Watu wakacheka naye. Nikakishika kibuyu cha pombe alichokuwa anampa mume wangu. Kaka yake akanizaba kofi, nikakaa chini.

Mume wangu hakugeuka hata kunitazama. Alikuwa analamba midomo. Akapokea kibuyu kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akamwaga tone kwenye vumbi, akanywa kilichobaki.

"Babu hajashiba," akasema.

Wakapiga vigelegele, wakamjazia.

Alikunywa mpaka mitungi ikaisha. Kesho yake akatapika damu, na kabla hatujapata gari la kumfikisha hospitali akanifia mapajani. Mama yake akatangaza mbele ya waombolezaji kuwa mimi ndiye niliyemkasirisha babu kwa mdomo wangu. 

Siku ya kuanua matanga ilipofika wakapika pombe nyingine, ya wageni. Mjane nikaambiwa niigawe. Nikaigawa kwa magoti. Kila mtu nilimpa kipimo chake. Kaka yake nilimjazia mpaka ikamwagika, na alipomaliza nikamuuliza kwa upole, "Shemeji, babu ameshiba, au nikuongeze?"