Neno "Ipo" Nililomwambia Mama Mkubwa

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Mji Mkongwe, mtafiti wa saratani katika maabara ya nchi ya mbali. Nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu ninayemwandikia habari zake yu hai, na jamaa zake husoma ukurasa huu.

Kazi yangu nitaieleza kwa ufupi. Katika damu ya kila mtu zimo chembe zinazoulinda mwili, ziitwazo chembe T. Saratani huzihadaa zisiitambue. Sisi huzitoa, tukazibadilisha zipate kuitambua, kisha tukazirudisha mwilini. Kwa baadhi ya saratani za damu, tiba hii imekwisha kuwafaa wagonjwa katika hospitali kubwa za ng'ambo. Kwa saratani ya matiti, ambayo ndiyo ninayoishughulikia, mimi bado ninaijaribu kwa panya.

Miaka miwili iliyopita nilikuja likizo, nikaenda Jambiani siku ya pili ya Idi kumsalimu mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea tangu nina miaka sita. Ukumbi ulijaa wanawake. Jirani mmoja akanichokoza: "Bi Daktari, kusoma kote huko, hata kidonge cha kichwa hujatuletea! Unafanya nini hasa?"

Nikawapa mfano: chembe zile ni askari, tunawatoa, tunawafundisha sura ya adui, tunawarudisha.

"Askari gani hao wasiotaka chai?" akasema, wote wakacheka.

Mama mkubwa peke yake hakucheka. "Na mtu mwenye kivimbe kwenye ziwa, dawa yake hiyo ipo?"

"Ipo, mama," nilijibu.

Nililitamka neno lile kama mtafiti: ipo, yaani inafanyiwa kazi. Yeye alilisikia kama anayeulizia sukari dukani. Wala sikujua kwamba mwenye kivimbe ni yeye mwenyewe. Mimi ambaye hurudia kipimo kimoja mara tatu kabla ya kukiamini, sikumuuliza hata swali moja.

Baadaye daktari wa mjini alimshauri afanyiwe upasuaji mapema. Akakataa. "Nna mwanangu, dawa yake ipo. Mwenyewe kanambia." Akamkataza binti yake asiniarifu, eti nisikatizwe kazi.

Mwezi huu binti huyo alishindwa kuificha siri, nami nikarudi. Saratani imeshafika kwenye mifupa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja nao?"

"Kina nani, mama?"

"Si hao askari wako!"

Nikamwambia apumzike kwanza, tutazungumza. Hatujazungumza hadi leo.

Maumivu yanamtoa machozi, na dawa ya kutuliza aliyopewa haigusi. Anasema hataki kuwavuruga askari wangu kwa dawa za watu. Binti yake alinivuta uani.

"Ijumaa muuguzi anakuja na sindano ya maumivu. Wewe sema tu ndio hao askari."

"Siwezi kumdanganya."

"Ulishamdanganya, dada. Sasa mdanganye apate usingizi."

Nikimweleza mama mkubwa ukweli, atajua kwamba nafasi yake ilipotea kwa neno langu, na huenda sindano yenyewe akaikataa pia. Nikinyamaza, atateseka. Nikisema uongo, atapata nafuu. Lakini atawaita wanawake wote wa ukumbi ule awape habari njema, na atakayefuata kupata kivimbe naye ataketi kuningoja. Nimeipima hesabu hii kila upande, na kila upande yupo mtu anayeumia. Elimu yangu yote hainipi njia ya nne.

Jana, nikiwa mjini ninakolala, alinipigia simu: binti yake kamwambia Ijumaa kuna sindano, anangoja tu nimthibitishie kwamba ndio askari, na keshachagua mkono wa kuchomwa: wa kushoto, kwa sababu wa kulia ukiuma ataukosa wakati wa kula. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu nirudi.

Ijumaa ni keshokutwa. Nyinyi mnaonisoma bila kunijua, nishaurini: atakaponinyooshea mkono huo, nimwambie nini?